Sungura Anapozeeka, Shida Huanzia Kwenye Magego

Sungura wengi wa Afrika Mashariki hawaufikii uzee. Anayefugwa kwa ajili ya nyama huchinjwa akiwa na miezi minne au mitano, na jike wa kuzalisha huondolewa bandani mara uzao wake unapopungua. Kwa hiyo mazungumzo ya wafugaji na mabwana mifugo huishia kwenye kuhara, upele wa masikio na namna ya kupandisha. Meno ya sungura mwenye miaka saba si jambo linalomhangaisha mtu ambaye hajawahi kumwona sungura wa umri huo.

Ila mijini hali ni nyingine. Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa wapo sungura waliopewa majina, wanaoshinda sebuleni na ambao hakuna mtu nyumbani mwenye mpango wa kuwachinja. Sungura wa namna hiyo akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka minane hadi kumi na miwili. Akishavuka miaka mitano anahesabika kuwa ameanza kuzeeka, na mdomo wake ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha hivyo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana vizuri zaidi Uingereza, ambako sungura hufugwa kwa wingi kama wanyama wa nyumbani. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za kliniki zilizohudumia sungura zaidi ya 160,000. Walikuta kwamba katika mwaka mmoja, takriban sungura 15 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa meno wa aina fulani. Wengi wa hao waliugua magego, si meno ya mbele, na hatari ilikuwa kubwa mara kadhaa kwa waliovuka miaka mitano kuliko kwa wale ambao hawajatimiza hata mwaka. Imani ya siku nyingi kwamba sungura wenye masikio yaliyolala na wale wa uso mfupi ndio wanaoumwa zaidi meno haikuungwa mkono na takwimu hizo.

Hilo la magego ndilo la kushika. Mfugaji akiambiwa meno ya sungura, akili yake huenda kwenye yale yanayoonekana: mawili juu, mawili chini. Kumbe sungura ana meno 28. Nyuma ya yale mawili ya juu kuna vijino viwili vidogo vilivyojificha, alama mojawapo inayomtenga sungura na jamii ya panya. Chonge hana. Baada ya meno ya mbele linafuata pengo tupu, kisha ndani kabisa, ambako jicho la mfugaji halifiki, yamejipanga magego 22: kumi na mawili juu, kumi chini.

Meno yote hayo hukua maisha yake yote. Hayana mizizi iliyofunga kama ya mtu au mbwa. Kule chini yanaendelea kutengenezwa kila siku, na kule juu yanatakiwa kulika kila siku. Ya mbele huongezeka takriban milimita mbili hadi tatu kwa wiki, kiasi kwamba kama hayakulika yangerefuka zaidi ya sentimita kumi kwa mwaka. Afya ya mdomo wa sungura ni hesabu kati ya ukuaji na ulikaji. Hesabu hiyo ikikosewa kidogo kila siku kwa miaka mitano au sita, matokeo yake hujitokeza uzeeni.

Mtazame sungura anayekula nyasi. Anachukua jani refu kwa ncha, meno ya mbele yanalikata, ulimi unalivuta ndani, na jani linaendelea kuingia kidogo kidogo bila yeye kuligusa kwa mguu. Taya la chini, ambalo ni jembamba kuliko la juu, linakwenda pembeni na kurudi kwa kasi ya zaidi ya mara mia kwa dakika, upande mmoja kwanza, kisha mwingine. Magego yanapita juu ya mengine kwa ukingo wote kama jiwe la kusagia mtama. Nyasi zenyewe zina chembechembe ngumu za silika zinazokwaruza jino. Na kwa kuwa nyasi hazina nguvu nyingi mwilini, sungura hulazimika kuzitafuna kwa saa nyingi mchana na usiku ndipo ashibe.

Mpe sungura huyohuyo peleti za kiwandani au pumba za mahindi. Atashiba kwa dakika chache. Taya linapanda na kushuka kuponda, halipiti pembeni kwa mwendo mpana, na jino halipati cha kulisugua. Magego yanaanza kurefuka. Yanapokutana na ya upande wa pili yanasukumana, na kwa kuwa hayana pa kwenda juu, yanarudi nyuma kuelekea kwenye mfupa wa taya. Pia yanapinda. Kingo ambazo hazisuguliwi zinaota miiba: ya magego ya chini huelekea kwenye ulimi, ya juu huelekea kwenye shavu. Mwiba mmoja mwembamba wa jino unatosha kuchana ulimi kila sungura anapotafuna, naye hutafuna kila siku.

Ipo hoja ya pili, ya mifupa. Mwaka 1996 Frances Harcourt-Brown, daktari wa wanyama wa Uingereza aliyejikita katika tiba ya sungura, aliandika kwamba sungura wengi aliowaona na meno mabovu walikuwa wamelelewa kwa chakula cha mchanganyiko ambacho walichagua nafaka tamu na kuacha chembe zenye madini, huku wakifungiwa mbali na jua. Kalsiamu ilikuwa pungufu, mfupa wa taya ukalegea, jino likapoteza mshiko. Wataalamu wengine wanatilia mkazo zaidi ukosefu wa kusaga kuliko ukosefu wa madini, na mjadala huo haujafungwa. Kwa mfugaji, hata hivyo, hoja zote mbili zinaelekeza mahali pamoja: nyasi nyingi, na jua.

Kwa mazingira yetu hoja ya pili isipuuzwe kwa sababu tu jua tunalo la kutosha. Sungura wengi wanaishi kwenye vizimba vilivyowekwa ndani ya stoo, chini ya ngazi au kwenye varanda yenye kivuli siku nzima. Jua la Tanga halimsaidii sungura ambaye halimfikii. Nazo pumba za mahindi, ambazo ni chakula rahisi kupatikana, zina kalsiamu kidogo na fosforasi nyingi. Sungura aliyekua kwa pumba, kabichi na vipande vya mkate anaingia uzeeni akiwa na deni kwenye meno na kwenye mifupa kwa pamoja.

Ugonjwa wenyewe hauji kwa kelele. Porini sungura ni windo, na windo linaloonyesha udhaifu huliwa, kwa hiyo maumivu huyaficha hadi yamzidi. Chukua mfano wa sungura jike wa miaka saba. Mwezi wa kwanza anaacha nyasi kavu lakini peleti anazimaliza, na mwenye nyumba anasema amekuwa mteuzi. Mwezi wa pili anakimbilia bakuli kama kawaida, anainamisha kichwa, kisha anageuka na kuondoka. Anataka kula ila akikumbuka maumivu anaacha. Punje za kinyesi chake, ambazo zilikuwa kubwa na za mviringo, zinakuwa ndogo, chache na zisizolingana. Kidevu kinaanza kulowa mate. Manyoya ya mgongoni yanakosa mng'ao kwa sababu kujilamba nako kunauma. Kile kinyesi laini ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini ili kupata vitamini anakiacha, kinaganda nyuma. Watu wa nyumbani wanasema ni uzee. Sivyo. Uzee peke yake haumlowanishi mnyama kidevu.

Jicho nalo husema. Mfereji unaopitisha machozi kutoka jichoni hadi puani unapita karibu sana na mizizi ya meno ya juu. Mizizi ikirudi nyuma inaubana, machozi yanakosa njia na kumwagika usoni, wakati mwingine yakiwa meupe na mazito. Sungura mzee anayetokwa machozi jicho moja hupewa dawa ya matone wiki baada ya wiki bila nafuu, hadi atokee mtu wa kupiga picha ya kichwa na kuona kwamba tatizo ni jino.

Kuna uchunguzi mmoja ambao mfugaji anaweza kuufanya mwenyewe. Sungura akiwa amekaa kwa miguu yake minne sakafuni, mbele ya magoti ya mtu aliyetulia, pitisha kidole gumba na cha shahada polepole kwenye ukingo wa chini wa taya, kutoka kidevuni kuelekea shavuni, pande zote mbili. Taya zima ni laini na limenyooka. Taya lenye shida lina vinundu vidogo vigumu vilivyojipanga kwa mstari: hizo ni ncha za mizizi ya magego zinazousukuma mfupa. Kisha papasa chini ya macho na kwenye mashavu kama kuna uvimbe, au kama sungura anashtuka upande mmoja kuliko mwingine. Asilazwe chali kwa ajili ya zoezi hili. Sungura akilazwa chali huganda, watu wakadhani ametulia, kumbe ameshikwa na hofu.

Uchunguzi wa pili ni wa mizani. Mizani ya jikoni yenye beseni inatosha. Sungura mzee apimwe kila wiki, siku ileile, na uzito uandikwe. Wa kilo mbili akipungua gramu 200 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na macho yanayomwona kila siku hayatagundua hilo chini ya manyoya.

Zaidi ya hapo ni kazi ya daktari wa wanyama. Mdomo wa sungura unafunguka kidogo mno na mashavu hufunika magego. Daktari anaweza kuchungulia kwa kifaa chenye taa kinachotumika kwenye masikio, lakini miiba mingi hukosekana kwa njia hiyo, hasa sungura anapohangaika. Uchunguzi kamili hufanyika akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, pamoja na picha za eksirei zinazoonyesha nusu ya jino iliyozama ndani ya mfupa. Katika ukanda wetu si kila kliniki ina vifaa hivi. Mahali pa kuanzia kuulizia ni kliniki za mijini zinazotibu mbwa na paka, au hospitali za wanyama za vyuo vinavyofundisha udaktari huo, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kule Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete.

Matibabu yenyewe, kwa magego, ni kusaga. Sungura amelala, kitanuzi kidogo kimeyatenganisha meno ya mbele ya juu na ya chini, kingine kimesukuma mashavu pembeni, na daktari anaingiza msasa mwembamba wa mashine unaozunguka, ulimi ukiwa umekingwa. Mwiba unaondolewa, gego linarudishwa karibu na kimo chake. Kazi huchukua muda mfupi na nafuu huweza kuonekana siku hiyohiyo. Ila mpango wa ukuaji uliokwisha kupinda hausagiki. Baada ya wiki kadhaa, au miezi kadhaa kwa mwenye bahati, mwiba utarudi palepale. Mfugaji anayeambiwa hivi mapema hupanga fedha na moyo wake sawasawa. Anayeahidiwa kupona atakata tamaa safari ya tatu.

Kuhusu meno ya mbele, ipo desturi ambayo ni lazima ikomeshwe: kuyakata kwa koleo au mkasi wa kucha. Jino la sungura likibanwa hupasuka kwa urefu, ufa unashuka chini ya ufizi, na vijidudu hupata njia hadi kwenye kiini na mfupa. Anayekata huona jino limekuwa fupi. Majuma baadaye huona jipu na halihusishi na koleo. Meno ya mbele yaliyopinda husagwa kwa mashine, au hung'olewa yote sita. Kuyang'oa kunasikika kama ukatili, lakini sungura asiyekuwa na meno ya mbele huishi vizuri: midomo na ulimi hujifunza kuvuta chakula, na kazi ya mwenye nyumba inabaki kukata majani na mboga vipande vyembamba. Wakati huohuo daktari aulizwe kuhusu magego, kwani meno ya mbele yanayoanza kupinda ukubwani mara nyingi ni dalili kwamba nyuma kumekwisha kuharibika.

Hofu ya nusu kaputi ni ya haki na inastahili kujibiwa kwa takwimu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba sungura 1.39 katika kila 100 waliolazwa walikufa, ilhali kwa mbwa ilikuwa 0.17. Lakini ndani ya hesabu hiyo, sungura walioingia wakiwa na afya nzuri walikufa 0.73 kwa 100, na walioingia wagonjwa 7.37. Pengo hilo ni la mara kumi. Kungoja hadi mnyama akonde, ati kwa sababu ni mzee na nusu kaputi ni hatari, ndiko kunakoifanya iwe hatari. Jambo jingine: sungura hatapiki, kwa hiyo halazwi njaa kabla ya upasuaji kama mbwa. Mwenye nyumba akiambiwa asimpe chakula tangu jana yake, aulize tena kwa heshima kama aliyetoa maelekezo amezoea kutibu sungura.

Aulize pia kuhusu antibiotiki. Amoksilini, ampisilini, klindamaisini na linkomaisini, ambazo ni za kawaida kwa watu na kwa wanyama wengine, sungura akizimeza huua bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wakajaa na sumu yao ikamuua. Zipo dawa nyingine salama kwake na daktari anazifahamu. Hatari ipo kwa anayekwenda duka la dawa na kununua kapsuli kwa sababu zilimsaidia mtoto kikohozi.

Jipu la jino ndilo gumu kuliko yote. Usaha wa sungura ni mzito, hautiririki, na umezungukwa na ukuta ambao dawa haiupenyi vizuri. Kulitoboa na kulikamua ni kazi bure, litarudi. Daktari hulazimika kuufungua mfupa, kutoa jino linalolilisha na kukiacha kidonda wazi ili kisafishwe kila siku kwa majuma. Kwa sungura wa miaka minne mwenye nguvu, hilo linafaa kujaribiwa. Kwa wa miaka tisa mwenye figo dhaifu na majipu mawili, huenda jibu la huruma likawa kumpumzisha kwa sindano, na daktari anayelisema hilo waziwazi anamtendea haki mnyama na mwenye mnyama.

Kati ya safari za daktari, nyumbani ndiko matunzo yalipo. Maumivu yatibiwe, daktari akiandika meloksikamu, ipewe kwa kipimo na siku alizosema, bila kupunguza eti sungura ni mdogo, maana mwili wake huitoa dawa hiyo haraka na kipimo chake kwa kilo huwa kikubwa kuliko cha mbwa. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 ni dharura: utumbo wake husimama, gesi hujaa, na hukumu huja ndani ya siku moja au mbili. Kama tumbo halijavimba wala kukaza, alishwe uji wa peleti zilizolowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kusagwa laini. Bomba lisilo na sindano huingizwa pembeni, kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele. Kiasi kidogo, asubiriwe atafune na kumeza, kisha kingine, mara nne hadi sita kwa siku. Anayesukumiwa uji moja kwa moja kooni hupaliwa. Tumbo likiwa limejaa na gumu kama ngoma, asilishwe kitu hadi daktari amwone.

Wapo sungura ambao uzeeni kabisa meno yao huacha kukua. Mizizi imechoka, na magego yamelika hadi usawa wa ufizi. Hao hawahitaji tena kusagwa miiba, wanahitaji kulishwa kama wasio na meno: nyasi mbichi laini zilizokatwakatwa urefu wa sentimita mbili, majani machanga ya kishona nguo, matembele, peleti zilizolainishwa. Kidevu kikaushwe mara kwa mara ili ngozi isichubuke, na nyuma paoshwe na kukaushwa, kwa sababu katika joto letu nzi hutaga mayai kwenye manyoya machafu na funza huanza kumla mnyama angali hai ndani ya siku moja.

Kwa ambao bado wana sungura vijana, hesabu ni nyepesi na haina gharama kubwa. Nyasi ziwe sehemu kubwa kabisa ya chakula, mbele yake saa 24: za bustani zisizopigwa dawa, majani ya tembo, au Boma Rodi iliyokaushwa kwa kivuli, ambayo Kenya na Tanzania hulimwa kwa ajili ya ng'ombe na huuzwa kwa robota. Peleti zipimwe, zisijazwe bakuli. Karoti na ndizi ziwe zawadi ya mara mojamoja. Apate jua la asubuhi kila siku, akiwa na kivuli cha kukimbilia.

Na mwenye sungura aliyevuka miaka mitano asisubiri dalili. Ampime uzito wiki hii, apapase taya lake kwa vidole viwili, kisha amtafute daktari wa wanyama na kumwomba aangalie magego, akilitaja neno hilo, si "meno" tu. Uchunguzi huo urudiwe kila baada ya miezi sita.